Nani Alikufundisha Kazi Yako? Umemwambia Aksanti?

Ndugu musomaji, weka gazeti hili chini kidogo, uangalie mikono yako. Kama unajua kuunganisha vyuma, kupiga sindano mugonjwa, kushona nguo, kushika hesabu ya duka ao kufundisha watoto kusoma, ile akili haikuingia mu mikono yako yenyewe tu. Kuko mutu mwenye aliiweka. Je, unakumbuka jina lake? Na yeye, anajua kama ungali unamukumbuka?

Mwezi huu tunataka kuzungumuza juu ya wale wenye walitusukuma mbele mu kazi. Tunazoea kushukuru Mungu juu ya mukate, afya na watoto, na ni vizuri. Lakini mara mingi Mungu anapitisha mema yake mu mukono wa mutu. Mutu anayeshukuru Mungu na kumuruka yule mutu, amefanya nusu ya kazi tu.

Hakuna mwenye alijifundisha peke yake

Utasikia kijana anajisifu: «Miye nilipigana peke yangu, hakuna mutu alinisaidia.» Tumuulize pole pole. Nani alikupokea ku ateliye wakati hukujua hata jina la vyombo? Nani alikuachilia ushike bagete ya kwanza, na alijua kama utaiharibu? Nani alilipa feza ya shule? Mama aliamuka saa kumi ya usiku, akaenda kutafuta makala ya kuuzisha. Yaya yako alibaki na mutoto wako ile miaka uliyokuwa unasoma kazi ya uganga. Na yule mukubwa wa kazi mwenye alisema neno moja tu mbele ya shefu: «Huyu kijana, mumujaribu.»

Kuko tena mwingine tunayemusahau zaidi: ule alituambia ukweli. Alirudisha kazi yetu, akasema: «Hii haiko sawa, anza tena.» Ile siku tulikasirika. Leo watu wanatuita fundi juu ya ule mutu. Wakubwa wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Vilevile mukono mumoja haufanyi fundi.

Mufano wa Lubumbashi

Mu mwaka 1946, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Elisabethville, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua pale nafasi ya kuchorea yenye ilijulikana kwa jina la Hangar. Mu nyumba yake kulikuwa mutumishi, jina lake Bela. Bela alianza kuchora, na alipaka rangi na vidole vyake, bila burushi. Bwana angeweza kumufukuza ao kumucheka. Hakufanya vile. Alimupa nafasi kati ya wachoraji wengine.

Pale walikuwa pia Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Pilipili alichora samaki, ndege, nyoka na wanyama wa pori. Mwenze alijaza picha zake na mistari mifupi mifupi, mupaka leo ukiona moja unajua ni yake. Desfossés hakutaka waige picha za Ulaya. Aliwaambia watafute ndani yao wenyewe na ndani ya mambo wanayoona. Alikufa mu 1954, lakini kazi haikufa. Pilipili na Mwenze waliingia ku shule ya sanaa yenye Laurent Moonens alifungua mu muji mu 1951, na wao pia wakafundisha vijana. Mwenze alikufa mu 1999, Pilipili mu 2007, na picha zao zinajulikana mu inchi nyingi.

Ile ilikuwa wakati wa ukoloni, na hatusemi mambo yote ya wakati ule yalikuwa mazuri. Wala hatusemi Desfossés aliwapa akili. Ile walikuwa nayo. Lakini aliiona, akaifungulia mulango. Hakuna musaidizi mukamilifu. Unaweza kumushukuru mutu juu ya mema aliyokutendea bila kusema alikuwa malaika.

Paulo hakusahau majina

Fungua barua ya Mutakatifu Paulo kwa Waroma, sura ya 16. Wengi wanairuka, juu ni majina tu. Kumbe ni ukurasa wa aksanti. Paulo anataja Foibe mwenye alisaidia watu wengi, na yeye Paulo pia. Anataja mama ya Rufo, na anasema alikuwa mama kwake vilevile. Anataja Priska na Akila, bibi na bwana wenye walitia maisha yao mu hatari juu yake.

Priska na Akila walikuwa watu wa kazi za mikono. Walishona hema, na Paulo, mwenye alijua ile kazi, alikaa kwao Korinto na kufanya kazi pamoja nao. Ni hao hao walisikia Apolo akihubiri ku Efeso. Apolo alisema vizuri, lakini mafundisho yake hayakutimia bado. Hawakumusahihisha mbele ya watu. Walimutwaa pembeni, wakamueleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Kila mukubwa wa kazi mwenye anasoma haya achunge ule mufano: kusahihisha mutu bila kumupatisha haya ni zawadi kubwa. Na wewe mwenye ulisahihishwa vile, usisahau ile siku.

Sisi watu wa miji ya shaba

Mu Likasi, Kolwezi, Kambove, Kipushi na Lubumbashi, wazazi wetu walizoea kampuni kufanya yote: nyumba, shule, hospitali, bunga. Kazi pia ilifundishwa ku kampuni. Fundi muzee aliweka kijana kando yake, miaka ikapita, kijana akakuwa fundi. Hakuna mutu aliwaza sana kusema aksanti, juu fundi alilipwa mushahara wake na maisha yalitembea.

Kisha mambo yakageuka. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Mu 1991 watu waliharibu na kuiba mali mu miji mingi ya inchi. Mishahara ikachelewa, kisha ikakosa kabisa. Mu 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliondoka ku kazi mu ile mupango wa kuondoka kwa hiari. Wengi walipokea feza kidogo, ikaisha mbio.

Hao ndio walitufundisha. Ule muzee anayepita na kinga yake ya zamani, akiuzisha mihogo, ni yeye alionyesha watu makumi namna ya kutengeneza mota. Ule mwalimu mwenye viatu vimetoboka, ni yeye alikuambia: «Weye mutoto, uko na akili ya hesabu, usiache masomo.» Leo weye uko na kofia ya kazi na gari ya kampuni inakuja kukutwaa asubuhi. Unapita karibu naye. Unafunga kioo ao unashuka?

Juu ya nini aksanti inatushinda?

Wengine wanaogopa: «Nikimusalimia, ataniomba feza.» Pengine ataomba. Lakini wazee wengi hawangojee feza. Wanangojea kujua kama miaka yao haikupotea bure. Kama huna feza, sema huna, lakini usikose kusalimia.

Wengine wanasikia haya. Wamepanda, na hawapendi watu wajue walianza kwa kufagia ateliye ya mutu. Lakini hakuna haya mu kufagia. Haya iko mu kukana mwenye alikupa ufagio.

Wengine wanasahau tu. Kumbuka musimamizi wa vinywaji wa Farao mu kitabu cha Mwanzo. Yozefu alimufasiria ndoto mu kifungo, akamuomba: ukirudi ku kazi, unitaje kwa Farao. Ule bwana alirudi ku kazi yake, akasahau. Miaka 2 mizima Yozefu alibaki mu kifungo juu ya neno moja lenye halikusemwa. Na lile neno liliposemwa, Yozefu alitoka, na Misri ikapona njaa. Kusahau kwetu pia kunaacha mutu fulani mu kifungo. Pengine ni muzee anayehitaji tu mutu wa kushuhudia mbele ya ofisi kama alifanya kazi kweli.

Aksanti haiko rushwa, wala haiko mwili

Hapa tuseme wazi, zaidi kwa vijana wa kike. Kuko shefu mwenye anasaidia musichana kupata staji ao kazi, kisha anasema: «Na aksanti yangu iko wapi?» Binti yetu, ile haiko aksanti, ni deni ya uongo. Mutu mwenye anakutegea namna ile hakukusaidia, alikununua bila kukuambia bei. Huna deni naye. Ambia wazazi, ambia mama mumoja wa parokia unayemuamini, usibaki peke yako na ile siri.

Vilevile, kushukuru hakutaki kusema kumuunga mukono musaidizi wako hata akiiba, wala kumupa mutoto wake nafasi ya kazi yenye ilikuwa ya mwingine. Aksanti ya kweli inaweza kusema pia: «Baba, miye ninakuheshimu sana, lakini hii siwezi.»

Namna ya kufanya

Kwanza, sema jambo lenyewe. Usiseme tu «Aksanti juu ya yote.» Sema: «Mu ile mwaka ulikataa wanifukuze, ukasema utanifundisha weye mwenyewe. Ni juu ya ile niko fundi leo.» Neno kama lile muzee atalala nalo.

Pili, lisema mbele ya watoto wake. Watoto wengi wa kambi wanaona tu umasikini wa baba yao. Hawajue alikuwa nani. Ukimushukuru mbele yao, unawarudishia baba.

Tatu, saidia na kile uko nacho. Kilo chache za bunga, kumusomea barua, kumusindikiza ku hospitali, kumutengenezea mulango. Fundi anaweza kushukuru na ufundi wake.

Ine, kama amekwisha kufa, enda kwa mujane wake ao kwa watoto, uombeshe misa, na utaje jina lake.

Tano, fundisha mwingine. Leo inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote, na kuko watoto wetu wenye wanashinda mu mashimo na mifuko ku mugongo. Hutaweza kuwatoa wote. Lakini ku ateliye yako kuko nafasi ya mumoja. Mupokee, umuvumilie akiharibu bagete, umurudishie kazi mbaya na kumuambia aanze tena. Pengine ataondoka bila kusema aksanti. Umufundishe tu. Na weye, ulikawia miaka ngapi?

Tuzungumuze mu nyumba

Jamaa yaweza kukaa pamoja siku ya Mungu, kisha kula bukari, na kujiuliza haya:

Baba na Mama wataje kila mumoja majina 3 ya watu wenye waliwasaidia mu kazi. Watoto wanawajua?

Kati ya wale, nani angali muzima, na nani wa kwetu ataenda kumusalimia mbele ya mwisho wa mwezi?

Vijana: ni mwalimu gani, fundi gani ao mama gani anakusukuma mbele sasa hivi? Usingojee ukuwe mukubwa. Mwambie kesho.