Kilometa za Kusini

Dereva asimamaye Pugu ana njia mbili. Akipitia Kinyerezi na kutokea Mbezi, ameikamata Barabara ya Morogoro, na mbele yake ni Chalinze, Segera, Moshi na Arusha. Akishika ya Chanika na Mbande hata Mbagala, ameingia Barabara ya Kilwa, nayo humwelekeza Kibiti, Lindi na Mtwara. Kwa hesabu ya ramani, wa kusini ndiye mwenye nafuu: kutoka Dar es Salaam, Mtwara ni kilometa 560 hivi, na Arusha yapata 640. Lakini madereva wetu hawapimi safari kwa ramani.

Aendaye kaskazini huwaza mwendo wa 50 kwenye makazi ya watu, askari wa usalama barabarani na misururu ya malori. Karaha hizo si ndogo. Lile daraja la zamani la Wami, jembamba na lenye miteremko mikali, liliwatoa jasho wengi kabla ya kujengwa jipya. Hata hivyo hakuna aondokaye Tanga au Moshi akiuliza kwanza kama barabara ipo. Wa kusini, masika yanapochachamaa, huuliza.

Chanzo ni cha zamani. Mkonge na kahawa vilivuta reli na barabara kwenda kaskazini tangu enzi za ukoloni. Reli ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, iling'olewa mara baada ya Uhuru. Hadi mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970, magari yaliusubiri mto Rufiji kwa pantoni. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kiliendelea kwa miaka mingi kuyazamisha mabasi katika tope na mchanga.

Lami ilipofika tukadhani mambo yamekwisha. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia kupitia Mafia, mvua ikamwagika, na barabara ikakatika huko huko Somanga. Na Somanga ndipo bomba la gesi ya Songosongo linapotokea baharini. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Yaani mali ya kisiwa ilipita chini ya ardhi bila kusimama, na mwana wa kisiwa, pengine ana mgonjwa, akasimama juu yake akitazama maji.

Ndugu zetu wa Songosongo na Kilwa Kisiwani hawaombi upendeleo. Chombo chao kikishatia nanga, wanastahili barabara kama mkulima wa Kilimanjaro anavyostahili.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wahusika, hasa Wizara ya Ujenzi na Wakala wa Barabara, wapime upya kila kalavati na kila daraja kati ya Rufiji na Lindi, kwa kipimo cha mafuriko ya sasa wala si ya miaka ilipochorwa ramani. Malori ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara yapimwe uzito bila muhali. Tena mawe, vyuma na mitambo ya kuziba mikatiko viwekwe Somanga kabla ya mwezi Machi. Vikisubiri Dar es Salaam, vitakwama upande huu wa maji pamoja na abiria.