Daktari wa uzazi anaporudi kazini baada ya likizo ndefu

Mama mmoja wa Ukunda ambaye hajajaliwa mtoto kwa miaka saba alinijia majuzi na swali. Mirija yake yote miwili imeziba, na yeye na mumewe wameuza kipande cha shamba ili walipe ada ya kupandikiza mimba jijini Nairobi. Sasa wamesikia kwamba bingwa waliyeelekezwa kwake alikuwa nje ya kazi mwaka mzima. "Daktari, mkono wake bado upo?"

Mirija huziba hasa kwa sababu ya kisonono na klamidia zisizotibiwa. Hapa Kwale kichocho nacho, maradhi tuliyoyazoea mno Msambweni, huweza kudhuru viungo vya uzazi. Mirija ikiziba, mayai hutolewa kwa sindano, hutungishwa maabara, kisha kiinitete hurudishwa katika mji wa mimba kwa mpira mwembamba. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kenya ilipata wake 2006.

Kurudisha kiinitete ni kazi ya dakika chache, lakini ni ya mkono. Ncha ya mpira ikigusa ukuta wa juu, mji wa mimba hujikaza na kiinitete huweza kusukumwa nje. Uchunguzi umeonyesha kwamba hata ndani ya kliniki moja, madaktari hawapati matokeo sawa.

Mgema aliyekaa mwaka mzima bila kupanda mnazi hajasahau jinsi tembo linavyogemwa. Kilichopungua ni wepesi wa miguu. Daktari naye ni hivyo hivyo: elimu ya vitabuni hudumu, wepesi wa mkono hufifia. Nchini Uingereza, daktari aliyekosa kazini miezi 3 au zaidi hushauriwa kupangiwa utaratibu maalumu wa kurejea.

Na sababu za kukosa ni nyingi: likizo ya uzazi (ambayo ni haki, na asilaumiwe mtu), ugonjwa, masomo. Mgomo wa madaktari wa serikali ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa 2024 siku 56. Machi 2020, kwa sababu ya korona, vyama vya mabingwa wa uzazi vya Ulaya na Marekani vilishauri matibabu mapya yasimamishwe. Anayeumia zaidi ni aliye mafunzoni. Bingwa aliyefanya kazi hiyo mara mia kadhaa hurejesha mkono upesi. Aliyeifanya mara kumi huanza karibu upya.

Sisi madaktari hukusanya alama za semina ili leseni zetu ziendelee. Kwa maoni yangu, alama hizo hazisemi lolote kuhusu mkono.

Nilimwambia mama yule aulize kabla ya kulipa: tangu arudi, daktari amerudisha viinitete mara ngapi? Je, mwenzake mzoefu atakuwa chumbani? Je, watafanya jaribio la kupitisha mpira mtupu kabla ya siku yenyewe, na kutumia altrasaundi? Na mtaalamu wa maabara, yeye hakuwahi kuondoka? Kliniki nzuri haichukizwi na maswali hayo. Ikikataa kuyajibu, pesa za shamba zisitoke bado. Aje tena, nimwandikie barua ya kwenda kwingine.