Risasi Ikifyatuka Ndani ya Ndege

Msikilizaji, wengi wetu elimu ya ndege tumeipata kwenye sinema. Katika ile ya Goldfinger ya mwaka 1964, bastola inafyatuka angani, dirisha linapasuka, na mtu mzima, tena mnene, anafyonzwa nje. Ndiyo maana tunaamini kuwa risasi moja ikitoboa ndege, wote waliomo wamekwisha.

Sivyo. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani husukuma kwenda nje kwa nguvu ya kama nusu kilo kwa kila sentimita moja ya mraba. Tundu la risasi ya bastola halifiki hata sentimita hiyo. Isitoshe, ndege haikuzibwa kama chupa ya soda. Mitambo huingiza hewa mpya wakati wote, na iliyotumika hutokea kwenye vali kubwa kuliko tundu la risasi mara nyingi. Hewa ikivuja mahali pengine, vali hujibana kidogo, basi.

Dirisha zima likitoka ni habari nyingine, na watu wamewahi kufa hivyo. Lakini hata ndege ya Aloha iliyong'oka paa kiasi cha mita tano na nusu huko Hawaii mwaka 1988, ikampoteza mhudumu mmoja, ilitua.

Mfano wa risasi yenyewe tunao. Machi 22, 2008, ndege ya US Airways aina ya Airbus A319 ikikaribia Charlotte, Marekani, bastola ya rubani ilifyatuka kwa bahati mbaya. Risasi ilitoboa ubavu ikatokea nje. Hakuna aliyeumia. Nakubali kuwa ndege ilikuwa imekwisha kushuka, hivyo mtihani haukuwa mgumu sana.

Lakini tazama ilipofyatukia: ndani ya chumba cha marubani. Huko California, mwaka 1964 na tena 1987, ndege mbili zilianguka baada ya marubani kupigwa risasi makusudi. Walikufa watu 44, kisha 43. Ndege hizo hazikuangushwa na matundu. Zilikosa mtu wa kuziendesha.

Marubani wa Marekani waliruhusiwa silaha kwa sheria ya mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Mkoba wa bastola waliopewa ulifungwa kwa kufuli, chuma chake kikipita penye kifyatulio. Bastola isipokaa sawasawa mkobani, kufuli hilo hilo la usalama liliweza kukisukuma kifyatulio.