Chumvi ya Pwani na Madini Joto: Kwa Nini Iodini Hutoka Guniani

Wako wanunuzi wa pwani ya Tanga wasemao kwamba chumvi iliyotoka baharini haina haja ya kuongezwa kitu, maana bahari imekwisha kuipa kila kitu. Maneno hayo yana ukweli nusu tu. Iodini, ambayo wengi huiita madini joto, imo baharini kweli, lakini ni kidogo mno: lita moja ya maji ya bahari ina klorini ya chumvi kiasi cha gramu 19, ilhali iodini ni takriban sehemu 6 katika laki moja za gramu moja. Tena maji yanapokauka katika majaruba, chumvi ya kawaida huganda kwanza. Iodini hiyo chache hubaki katika maji machungu yamwagwayo. Basi chumvi nyeupe ya Pangani au ya Mkinga, ijapokuwa ni safi, ni maskini wa iodini mpaka itiwe.

Katibu wa chama atauliza: ikiwa klorini na iodini ni za ukoo mmoja, mbona moja hukaa katika chumvi miaka na miaka, na nyingine hutoweka ghalani? Jibu limo katika tabia ya ukoo wenyewe.

Ukoo huo huitwa halojeni, jina la Kiyunani lenye maana ya kizaa chumvi. Wanne wajulikanao zaidi ni florini, klorini, bromini na iodini. Kila atomi ya ukoo huu ina elektroni saba katika tabaka lake la nje, na yapungukiwa na moja tu ili itimie nane. Kwa ajili ya upungufu huo halojeni hazitulii. Hunyang'anya elektroni popote zinapoipata. Jirani zao katika jedwali la elementi ni gesi adimu, yaani neoni, agoni, kriptoni na zenoni, ambazo zimekwisha kutimiza nane zao, pamoja na heliamu iliyotosheka na mbili. Hizo hazidai wala hazidaiwi. Agoni ni karibu sehemu moja katika mia ya hewa tuivutayo, nayo hutoka kama ilivyoingia. Hutiwa katika taa za umeme zenye uzi kwa kuwa haiuunguzi uzi uwakao.  Heliamu nayo, hapa kwetu, ilitangazwa mwaka 2016 kuwa imo kwa wingi chini ya ardhi ya Rukwa.

Klorini ikipata elektroni moja kutoka kwa sodiamu, hupata mpango uleule wa agoni na kutulia. Hiyo ndiyo chumvi ya mezani.

Lakini nguvu ya kunyang'anya haiko sawa katika ukoo wote. Florini ina matabaka mawili tu ya elektroni, hivyo kiini chake huvuta kwa karibu; klorini ina matatu, bromini manne, iodini matano. Kadiri matabaka yanavyoongezeka ndivyo mvuto unavyodhoofika. Rangi na hali hubadilika vilevile: florini ni gesi ya manjano hafifu, klorini ni gesi ya kijani-manjano, bromini ni kioevu chekundu cheusi, na iodini ni yabisi nyeusi ing'aayo ambayo ikipashwa moto hutoa mvuke wa zambarau. Mvuke huo ndio aliouona Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811, alipotia asidi nyingi kupita kiasi katika mabaki ya majivu ya mwani.

Kwa kuwa ni dhaifu, iodini hushika elektroni yake kwa mkono mlegevu. Klorini humnyang'anya, na hata hewa yenye unyevu na uchafu wa chumvi huweza kufanya hivyo polepole. Ikishanyang'anywa, huwa iodini tupu, nayo hupaa. Ndiyo sababu katika nchi za joto haitumiki iodaidi bali potasiamu iodeti, ambamo iodini imefungwa pamoja na oksijeni na hustahimili zaidi. Kanuni za kutaka chumvi ya kuliwa itiwe madini joto ziliwekwa nchini katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, wakazi wa sehemu zilizoathirika waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini.

Jambo hili si la rovu la shingoni pekee. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto huathirika kabla hajazaliwa, na hasara hiyo hairudishwi na shule yoyote. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Mvuvi hupata sehemu katika samaki. Mkulima wa milimani, ambako mvua imeosha udongo kwa karne nyingi, hutegemea gunia lililopanda gari kutoka pwani.

Kwa vyama vya wazalishaji, hesabu ni hii. Ili tani moja ya chumvi ipate gramu 40 za iodini, hutakiwa gramu 67 hivi za potasiamu iodeti, ujazo usiojaza kikombe. Kuchanganya kiasi hicho kwa koleo sakafuni ni kubahatisha: gunia moja litapata mno, jingine halitapata kitu. Afadhali dawa iyeyushwe katika maji na kunyunyizwa huku chumvi ikigeuzwa.

Kwa maduka, adui ni unyevu. Chumvi isiyosafishwa vema huwa na magnesiamu kloraidi, ambayo huvuta maji ya hewani, hasa wakati wa masika. Maji hayo huyeyusha iodeti na kuishusha chini ya gunia, kisha huvuja sakafuni. Mteja wa kwanza hununua chumvi isiyo na dawa, na sehemu kubwa ya dawa hunywewa na saruji. Mifuko ya plastiki iliyofungwa, juu ya mbao na mbali na ukuta, huzuia hasara hiyo.

Unga wa klorini wa kutibia maji usiwekwe chumba kimoja na mbolea, mafuta wala asidi. Ukichanganyika navyo huweza kuwaka au kutoa gesi ya sumu.

Kupima si kazi ngumu. Matone ya kupimia iodeti yana wanga ndani yake. Chumvi yenye dawa hugeuka buluu au zambarau, na isiyo nayo hubaki nyeupe. Katibu achukue chumvi ya juu, ya katikati na ya chini ya gunia, kisha aandike matokeo katika leja ya mali pamoja na tarehe ya kupokea, na gunia lililotangulia kuingia litangulie kuuzwa.