Muhumula: Mti wa Msitu Ndani ya Kibanja

Ndugu wakulima wa Bukoba na Muleba, leo tuzungumze juu ya muhumula, mti ambao kwingine huitwa msizi. Wataalamu huuita Maesopsis eminii. Hilo jina la pili ni kumbukumbu ya Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890.

Asili ya muhumula ni msituni, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, mpaka hapa kwetu na Kakamega, Kenya. Shina lake hunyooka, na mti hufikia mita 30 na zaidi. Lakini angalia mahali unapoota. Hauoti katikati ya giza la msitu. Huota ukingoni, au pale mti mkubwa ulipoanguka jua likapenya. Hondohondo hula matunda yaliyoiva na kudondosha kokwa mbali. Kwa ufupi, mti huu unataka jua, na ukilipata hukua upesi sana.

Je, jambo hilo linakuhusu vipi wewe mwenye kibanja? Nafasi kati ya migomba na kahawa inafanana na ule mwanya wa msituni. Ndiyo maana muhumula hustawi humo, na kivuli chake chepesi huifaa kahawa. Ukiwa na michache nyumbani utapata kuni na mbao bila kuingia msituni na shoka.

Okota kokwa chini ya mti, ondoa nyama yake, loweka siku moja au mbili, kisha sia kitaluni. Usikate tamaa, maana huweza kuchukua miezi kadhaa kuota. Mvua zikianza, hamishia miche kibanjani, mmoja hapa mwingine kule. Ukiisonganisha, migomba itakosa jua. Mbao zake ni nyepesi, basi usiziache zikagusa udongo, mchwa watazimaliza.

Jambo la mwisho, ndugu. Wakati wa Wajerumani mti huu ulipelekwa Amani, milima ya Usambara, ambako si kwao. Baadaye watu walipokata magogo na kuacha mianya msituni, hondohondo wakasambaza kokwa, nao ukaenea ukaisumbua miti ya asili. Kwa hiyo panda hapa kwetu, lakini usimpelekee jamaa wa mkoa mwingine kokwa kabla hajamwuliza Bwana Miti wa huko.