KWA PIKIPIKI HADI MOSI-OA-TUNYA

Kutoka Dar es Salaam hadi maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, nchini Zambia, ni kama kilomita 2,400 kwa barabara. Mwezi Oktoba 2024 tulizimaliza kwa siku saba, watu watatu, kila mmoja na pikipiki yake ya cc 150, ya aina ile ile inayobeba abiria mitaani kwetu. Wenzetu wa karakana walisema hazitapanda Kitonga. Zilipanda, tena zikayaacha nyuma malori ya mzigo yaliyokuwa yakikokota kwa gia ya kwanza.

Barabara hii ina historia ambayo wafanyakazi vijana wengi hawakuisikia. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia, nchi isiyo na bahari, ilijikuta njia zake za kusini zimo mikononi mwa adui. Shaba ikapitishwa huku, na petroli ikapelekwa kule kwa malori, juu ya vumbi na tope. Madereva wengi walipoteza maisha, na barabara ikapewa jina la jehanamu. Bomba la mafuta lilifika Ndola mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Tunduma tulikaa kuliko tulivyopanga, lakini si kwa ajili ya karatasi zetu. Tulikuwa na kadi mbili za njano, moja ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ya bima ya COMESA. Kwenye mpira kadi mbili za njano zinakutoa nje. Hapa ndizo zilizotuingiza. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na mwenye pikipiki hamalizi nusu siku.

Mwenye lori ana habari nyingine. Foleni tuliikuta kabla ya kuuona mji. Dereva mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisonga ugali kando ya tela lake, alitukaribisha. Alikuwa na siku ya tano pale.

"Vijana, nyinyi mmefika leo na leo mtavuka," alisema. "Mimi posho yangu imepigwa kwa safari, haikupigwa kwa siku. Nikilala hapa siku tano, nakula mfuko wangu."

Tulimwuliza, "Mzee, mkataba wa maandishi unao?" Alicheka, akatuongezea mboga. Kwa maoni yetu jambo hili si la forodha peke yake. Maadamu posho ni ile ile, lori likilala siku moja au siku tano, tajiri hana sababu ya kuuliza dereva wake anakula nini.

Nakonde Kiswahili kinatosha, kwani Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mpika, penye karakana ya TAZARA, ni Kibemba, na maji huitwa amenshi. Kutoka hapo hadi Serenje, zaidi ya kilomita 200, barabara ilikuwa mashimo matupu. Tulikatika spoku sita na kuziba pancha nne.

Keria ya pikipiki moja ilivunjika, nasi tukamtafuta fundi wa kuchomelea mjini Kabwe. Tulimkuta amekaa tu. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia hutokana na maji, na Februari mwaka huo Serikali ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa. Siku zile tulizopita, sehemu nyingi zilikosa umeme saa 17 au zaidi kwa siku. Fundi alitwambia tulale hapo hapo karakanani. Umeme ulikuja saa nane usiku. Mara mtaa mzima ukaamka: mashine ya kusaga ikaunguruma, saluni ikafunguliwa, naye akavaa miwani akachomelea. Zamani alikuwa na vibarua wawili, sasa alibaki na mmoja, naye alimlipa kwa siku zenye umeme tu.

Mosi-oa-Tunya maana yake ni moshi unaonguruma. Neno la kwanza halimhitaji Mswahili kuwa na mkalimani. Maporomoko yana upana wa meta 1,708 na kina kinachofika meta 108. Oktoba ni kiangazi, na upande wa Zambia hupungukiwa sana maji hata mwaka wa kawaida. Tulichokiona hapo ni ukuta mrefu wa mawe meusi, na nyani. Moshi ulikuwa mbali, upande wa Zimbabwe.

Tulikwenda darajani. Daraja hilo la chuma lilifunguliwa mwaka 1905. Agosti 1975 behewa la treni lilisimamishwa katikati yake kwa mazungumzo: Ian Smith alikaa upande wa Rhodesia, na viongozi wa wapigania uhuru upande wa Zambia, meza ile ile. Mazungumzo yalivunjika.

Anayetaka kuuona moshi wenyewe aende Aprili au Mei, na achukue koti la mvua. Spoku za akiba azinunue hapa nyumbani.