Udhuru ni wa Mwili, Kizuizi ni Chetu

Kila mwalimu wa chuo cha Qur'ani hulijua jambo hili, ingawa ni wachache kati yetu wanaokaa wakalizingatia. Mtoto asiyeona huletwa chuoni na mzazi wake, akaketi mkekani pamoja na wenziwe, akasikiliza na kukariri. Na baada ya miaka michache huwa amehifadhi majuzuu ambayo wenye macho mazima hawajayafikia. Kisha huletwa mtoto asiyesikia. Huyu macho yake ni makali, akili yake ni nyepesi, na mkono wake hufuatisha herufi za ubaoni bila ya kukosea. Lakini hupita mwezi, hupita mwaka, na hajapata hata sura moja. Na mwisho wake mzazi huambiwa amrudishe nyumbani, kwani mtoto huyu ana udhuru.

Tuwatoe sasa watoto wawili hao tuwapeleke katika shule ya vitabu na chaki. Mambo hupinduka. Asiyesikia hupata kitu cha kushika kwa macho yake, ilhali asiyeona hukaa bure iwapo hakuna hata kitabu kimoja cha nukta nundu. Tuwapeleke tena kwa fundi wa kuchonga milango: yule aliyeshindwa chuoni hushika patasi akachonga kama mwenziwe anayesikia, na wala mteja hajui tofauti.

Basi na tujiulize. Watoto ni wale wale, na miili yao ni ile ile. Kilichobadilika ni nini? Hakuna kilichobadilika ila mahali na desturi ya watu wa mahali hapo. Udhuru aliumbwa nao mtoto au ulimpata kwa maradhi. Lakini kizuizi, yaani kule kushindwa kwake kuingia katika jambo ambalo wenziwe wanaliingia, mara nyingi tumekijenga sisi kwa mikono yetu. Na kilichojengwa na mikono huweza kubomolewa na mikono.

Maneno haya si mageni ulimwenguni. Mwaka 1976 huko Uingereza watu wenye ulemavu wenyewe, waliokuwa wamejikusanya katika chama chao, waliandika kuwa kiungo kilichopungua ni jambo moja, na kufungiwa nje ya maisha ya watu ni jambo jingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2006 uliifuata njia hiyo, ukaeleza kuwa ulemavu hutokea pale hali ya mtu inapokutana na vizuizi vilivyowekwa na jamii. Na tusidhani kuwa tunazungumza juu ya watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa mtu mmoja katika kila sita ulimwenguni anaishi na ulemavu ulio mkubwa. Hapana mtaa usiokuwa na watu hawa, na nyumba zao ni nyingi kuliko tunavyodhani.

Lakini sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja karne ya ishirini ili tulijue jambo hili. Twamjua Sahaba Abdullahi bin Ummi Maktum, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, ambaye hakuwa akiona. Ni yeye aliyemjia Bwana Mtume (rehema na amani zimshukie) kutaka elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, ikateremka sura ya Abasa kumzindua Mtume kwamba aliyekuja akitaka kutakasika ndiye mwenye haki ya kuelekewa. Kisa hiki twakisomesha kila siku. Kilichokuja baada yake, huko Madina, ndicho tunachokisahau.

Ibnu Ummi Maktum alifanywa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilali. Bilali aliadhini usiku ungalipo, na Ibnu Ummi Maktum aliadhini alfajiri, na kwa adhana yake watu waliokuwa na nia ya kufunga walijizuia na chakula. Na ielewe vizuri kazi hii, ewe msomaji: ni kazi ya kuijua alfajiri, nayo alfajiri huonekana kwa macho! Alikabidhiwaje asiyeona? Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari yatueleza kuwa alikuwa haadhini mpaka watu wamwambie kuwa kumekucha. Basi ni hilo tu. Neno moja kutoka kwa jirani ndilo lililosimama mahali pa macho yake, na Madina yote ikafunga kwa sauti ya mtu asiyeona. Zaidi ya hayo, Mtume alimwacha kuwa naibu wake Madina alipotoka safarini.

Tuangalie pia khabari ya Itban bin Malik, aliyekuwa akiwasalisha watu wake na macho yake yamedhoofika. Alimwendea Mtume akamweleza kuwa mvua inyeshapo bonde lililo baina yake na watu wake hujaa maji, asiweze kuufikia msikiti wao. Hakulalamikia macho peke yake. Alitaja na bonde na maji. Naye Mtume hakumwambia akae nyumbani kwani ana udhuru, bali alikwenda mwenyewe pamoja na Abubakari mpaka nyumbani kwa Itban, akauliza ni mahali gani anapopenda paswaliwe, akaswali hapo. Mtu alipokuwa hawezi kulivuka bonde, bonde lilivukwa kwa ajili yake.

Kwa malezi hayo umma huu ulipata maulamaa waliokuwa nguzo. Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka katika zama za Tabiina, alikuwa kiwete, na mwisho wa umri wake hakuwa akiona. Qatada wa Basra, ambaye hakuna kitabu kikubwa cha tafsiri kisichomtaja, alizaliwa haoni. Na Imamu Shatibi, aliyefariki Misri mwaka 1194 na ambaye utenzi wake wa beti 1,173 ndio msingi wa wanafunzi wa visomo saba vya Qur'ani mpaka hivi leo, naye hakuwa akiona. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, asiyeona na anayeona ni sawa katika kusalisha watu.

Kwa nini upofu haukuwazuia mabwana hawa? Kwa sababu elimu ya wakati wao ilipokewa kwa masikio na kuhifadhiwa moyoni. Mlango ulikuwa wazi upande wao. Lakini mlango huo huo, uliokuwa wazi kwa asiyeona, ulikuwa umefungwa kwa asiyesikia. Na ndiyo maana majina ya viziwi hatuyakuti kwa wingi katika vitabu vya wasifu wa maulamaa. Je, Mwenyezi Mungu aliwanyima akili? Hasha! Hawakupata mtu wa kuwafungulia.

Na kwamba mlango huo hufunguka, tunao ushahidi kwa watu wa dini yetu wenyewe. Katika jangwa la Naqab, si mbali na mji wa Bir al-Saba, liko kabila la Mabedui liitwalo Al-Sayyid. Katika miaka ya 1930 walianza kuzaliwa kwao watoto viziwi, na kwa kuwa watu wa kabila hilo huoana wenyewe kwa wenyewe, hali hiyo ikaenea katika nyumba nyingi. Wataalamu wa lugha walipochapisha khabari zao mwaka 2005, viziwi walikuwa kiasi cha 150 katika watu wapatao 3,500. Watu wa Al-Sayyid hawakuwaficha watoto wao ndani. Ilizaliwa miongoni mwao lugha ya mikono, yenye mpango wake wa maneno usiokopwa kwa Kiarabu, na wanaosikia nao wengi wakaijua tangu utotoni. Kiziwi akaoa na akaolewa, akauza na akanunua, akapiga soga na jirani. Masikio yao ni kama masikio ya kiziwi wa mtaani kwetu. Tofauti ni mikono ya majirani zao.

Wala asiseme mtu kuwa ishara si maneno. Mafakihi wetu wamekwisha kuweka kanuni kuwa ishara inayofahamika ya mtu asiyeweza kusema hushika mahali pa tamko la ulimi katika kuuza, kununua, kuoa na kutaliki. Leo hotuba ya Ijumaa katika Msikiti Mtukufu wa Makka hufasiriwa kwa lugha ya alama. Indonesia, Wizara ya Mambo ya Dini ya nchi hiyo imetoa msahafu wa ishara kwa ajili ya viziwi. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, imeifanya lugha ya ishara kuwa miongoni mwa lugha tatu za Bunge. Na Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka huo huo wa 2010. Njia basi ipo. Kilichobaki ni chuo chetu na nyumba yetu.

Na jambo hili si dogo. Mtoto kiziwi asiyefundishwa lugha ya alama katika miaka yake ya mwanzo huweza kukua bila ya lugha yoyote. Huona midomo ya mama yake ikicheza na asijue yasemwayo. Hajui kwa nini watu wanasujudu. Hajui jina la Mola wake. Binti wa namna hii hufika umri wa kuolewa, akaulizwa idhini yake kwa maneno asiyoyasikia, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ni ridhaa. Akidhulumiwa, hana wa kumshitakia, kwani hana neno linalofahamika na yeyote nyumbani. Je, huu ni udhuru wa masikio? Wallahi sivyo! Masikio yalimnyima sauti tu. Lugha tumemnyima sisi.

Hatusemi kuwa kuona na kutoona ni sawa, wala kuwa maumivu ya mwili si kitu. Dawa itafutwe, kwani kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume. Wako pia watoto ambao akili zao ni nzito kufahamu, na wengine hawatafahamu kamwe. Hao sheria imewaondolea mzigo wa faradhi. Lakini sheria iliyowaondolea wao mzigo haikutuondolea sisi haki zao: kulishwa, kusafishwa, kupendwa, na kukaa pamoja na watu. Katika sura ya Nuri Mwenyezi Mungu ametaja kuwa hapana lawama juu ya asiyeona, kiwete na mgonjwa katika kula; na baadhi ya wafasiri wamesema kuwa watu wa Madina hapo zamani walikuwa wakijitenga nao wakati wa chakula, Uislamu ukaiondoa desturi hiyo. Basi yule anayemtilia mwanawe chakula chumbani wageni wanapokuja, ili asionekane, arejee aisome aya hiyo. Mtoto huyo si aibu wala si adhabu ya dhambi za mtu. Ni amana.

Na tuziangalie ndimi zetu. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno haya yote yamo katika ngeli moja na kiti na kisu. Wengi siku hizi hupenda kuitwa watu wasioona au watu wenye ulemavu, ili utu utangulie mbele. Viziwi kwa upande wao wamelikubali neno lao, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, lakini neno bubu wengi wao hulichukia. Adabu iliyo bora ni kumuuliza mwenyewe anavyopenda kuitwa, kisha kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Yako mambo manne ambayo kila nyumba na kila mtaa waweza kuyaanza bila ya kungoja fedha za serikali.

La kwanza, mzazi mwenye mtoto asiyesikia amtafutie lugha mapema, kabla ya mambo mengine yote, na ajifunze yeye pamoja na ndugu za mtoto. Lugha ya alama inayojulikana na mtoto peke yake ni sawa na barua isiyo na msomaji.

La pili, walimu wenzetu wa vyuo wasiseme tena kuwa fulani hafundishiki kabla ya kujaribu njia nyingine. Asiyesikia na akalishwe mbele, usoni pa mwalimu, afundishwe kwa maandishi, picha na alama. Na kiziwi mtu mzima aliyesoma aletwe chuoni amsaidie mwalimu. Asiyeona naye asiishie kwenye kuhifadhi tu, bali afundishwe nukta nundu, kwani misahafu ya maandishi hayo ipo na yeye ana haki ya kusoma kwa vidole vyake.

La tatu, wasimamizi wa misikiti watazame vizingiti na ngazi zao. Mzee wa kiti cha magurudumu anayebebwa mgongoni kila Ijumaa hakuzuiwa na miguu yake. Amezuiwa na ngazi tatu za saruji. Mteremko wa saruji hiyo hiyo hauzidi kazi ya siku moja au mbili ya fundi mwashi. Na mahali pa kutawadhia pawe na kiti na kishikio cha ukutani.

La nne, asiamuliwe jambo lolote linalowahusu watu hawa nao hawapo. Waingie katika kamati za misikiti na za vyuo, wala wasiitwe siku ya kugawa sadaka peke yake. Ibnu Ummi Maktum hakuachiwa Madina ili ahurumiwe. Aliachiwa ausimamie mji.

Enyi akina baba na akina mama, alfajiri hukucha kwa wote. Mmoja huijua kwa macho yake, na mwingine huijua kwa kuambiwa na jirani, na adhana ya wote wawili husihi. Kazi tuliyopewa sisi ni ile ya jirani. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kuondoa vizuizi njiani na tusiwe wa kuviweka, na atusamehe haki za watoto tuliowafungia milango hali ya kuwa funguo tulikuwa nazo sisi. Amin.